Kutafuna si Kula? Historia ya Vyakula vya Kati ya Milo katika Kasongo na Kabambare

1. Utangulizi

Ukimwuliza mkulima wa Kasongo au wa Kabambare, saa kumi alasiri, iwapo amekwisha kula, aghalabu atakujibu kwamba bado hajala. Huenda tangu alfajiri amekwisha tafuna kipande cha muwa, konzi ya karanga na ndizi mbili zilizochomwa makaani. Jibu lake si la uongo. Katika Kiswahili cha Maniema ya Kusini, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu, kula ni kula bukari au wali pamoja na kitoweo chake. Visivyokuwa hivyo hutafunwa, humumunywa au huonjwa. Haviitwi mlo, wala havihesabiwi.

Hali hii si ya Maniema peke yake. Mwanaanthropolojia Audrey Richards, aliyechunguza ukulima na lishe ya Wabemba wa nchi ambayo leo ni Zambia, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1939 jinsi watu waliokwisha kula mahindi kadhaa ya kuchoma walivyolalamika kwamba hawajatia kitu kinywani siku nzima, kwa kuwa hawakupata ubwali. Hapana shaka kwamba msomaji wa pwani naye ameyasikia maneno ya namna hiyo.

Makala haya yana madhumuni matatu. Kwanza, tutajaribu kuonyesha vyakula vilivyoliwa kati ya mlo na mlo katika eneo letu tangu wakati wa misafara ya Waungwana hadi leo. Pili, tutaeleza sababu zilizovifanya vyakula hivyo vipungue au vibadilike. Tatu, tutatoa hoja kwamba jambo hili, ambalo kwa juu juu ni la lugha tu, linagusa maisha ya watoto wadogo: kile kisicho na jina hakiulizwi, kisichoulizwa hakiandikwi, na kisichoandikwa hakilindwi.

2. Majina na maana zake

Kamusi za Kiswahili sanifu zinatupa maneno kadhaa. Kuna asusa, yaani chakula kidogo kinacholiwa kabla ya mlo wenyewe au pamoja na kinywaji. Kuna kumbwe, neno linalokaribiana nalo kwa maana. Kuna vitafunio, ambavyo kwa kawaida hufuatana na chai. Na kuna kifungua kinywa, au chamshakinywa, ambacho kwa jina lake chenyewe kinatuambia kwamba si mlo kamili: kazi yake ni kukiamsha kinywa kilicholala.

Kati ya maneno hayo, asusa na kumbwe husikika kwa nadra mno katika mazungumzo ya Maniema. Mtu wa Kasongo husema ametafuna kitu kidogo, au hutaja chakula chenyewe kwa jina lake: karanga, muwa, muhogo, ngazi. Kwa hiyo tuna majina mengi ya vitu, lakini hatuna jina moja la kuvikusanya pamoja.

Zipo hata hivyo nafasi mbili ambamo chakula chepesi kimepata jina na heshima. Ya kwanza ni chai ya asubuhi. Ya pili ni futari, chakula cha kufungulia saumu wakati wa magharibi, ambacho Waislamu wengi wa Kasongo na Kabambare hukitambua vizuri, pamoja na daku linaloliwa kabla ya alfajiri. Katika mwezi wa Ramadhani kile kidogo cha kutangulia hutayarishwa kwa makusudi, huwekewa saa yake, na hugawiwa jirani. Mfano huu unatuonyesha kwamba desturi inaweza kabisa kukipa chakula chepesi jina, wakati na mpango. Swali ni kwa nini haikufanya hivyo kwa vyakula vya mchana vya watoto.

3. Wakati wa misafara na soko la Nyangwe

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikaelekea Kasongo na Nyangwe. David Livingstone alifika Bambarre, yaani Kabambare, mwezi wa Septemba 1869, akakaa huko kwa muda mrefu akiuguza vidonda vya miguu. Shajara zake, zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kufa kwake, zina habari nyingi za mashamba ya nchi hiyo: migomba, mahindi, karanga na muhogo.

Mwishoni mwa Machi 1871 alifika Nyangwe, kwenye ukingo wa mto Lualaba. Soko alilolikuta huko liliwakusanya watu kama 3,000 kwa siku moja, wengi wao wanawake. Palikuwa na samaki, chumvi, mawese, muhogo, kuku, na pia konokono na kumbikumbi waliokaushwa. Jambo moja dogo katika maelezo yake lina maana kubwa kwetu: wasichana wadogo walizunguka sokoni wakiwauzia maji ya kunywa wauzaji waliochoka kwa kubishania bei, wakalipwa visamaki vichache. Hapa tunamwona mtoto akijipatia kitu cha kutafuna kwa kazi yake mwenyewe, nje ya chungu cha mama. Soko hilo ndilo lililoshambuliwa tarehe 15 Julai 1871 na watu wenye bunduki wa wafanyabiashara, na mamia ya watu wakauawa kwa risasi au wakazama mtoni. Historia ya chakula katika nchi yetu haikutengana kamwe na historia ya vita.

Waungwana, yaani watu wa misafara waliofuata njia za Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, walileta mpunga na miti ya matunda. Tawasifu yake, iliyochapishwa kwa Kiswahili huko Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, inazungumzia pembe za ndovu, safari na watawala. Hatuwezi kutazamia kuzikuta humo karanga za watoto. Lakini Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyefuatana na jeshi la Dhanis lililoiteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1897 maghala yaliyojaa mchele, mahindi na kahawa, na bustani zenye machungwa, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi kila upande.

Hatuna budi kukumbuka kwamba utajiri huo ulijengwa juu ya migongo ya watumwa. Aliyelima bustani siye aliyekaa barazani. Hata hivyo miti haikuondoka pamoja na mabwana wake. Wenyeji bado huitaja miembe mikubwa kuwa alama ya enzi hiyo. Katika miaka ya karibuni Noemie Arazi na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2020, waliunganisha uchimbuzi wa akiolojia na masimulizi ya wazee ili kuitambua upya Kasongo-Tongoni, mji wa zamani. Jina lenyewe linajieleza kwa kila ajuaye Kiswahili: tongo ni mahali palipohamwa. Mji ulihamwa, maembe yakabaki kuwa ya kila mtoto apitaye.

4. Pamba, mpunga na kupungua kwa vya katikati

Badiliko kubwa lililofuata halikuwa la bunduki, bali la jembe la lazima. Amri ya tarehe 20 Februari 1917 iliiwezesha serikali ya kikoloni ya Kibelgiji kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyachagua. Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Kongo kuingizwa katika kilimo cha pamba, na kampuni ya Cotonco iliundwa mwaka 1920 kununua na kuchambua pamba ya nchi. Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 iliweka siku 60 kwa mwaka kuwa kipimo cha kazi hizo za lazima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, zikafikishwa siku 120.

Tuangalie sasa maana ya siku hizo katika ua wa nyumba. Shamba la zamani lilikuwa shamba la mchanganyiko. Mahindi yalisimama, maboga yakatambaa chini yake, karanga zikajaza nafasi, na miwa ikaota penye unyevu. Mazao ya pembeni hayakuhitaji siku zake maalumu, bali yalihitaji mikono ya mwanamke iwepo kila mara: kupanda kidogo, kupalilia kidogo, kuvuna kidogo. Pamba ilihitaji mikono hiyo hiyo, katika miezi ya mvua hiyo hiyo, nayo ilikuwa na karani wa kuikagua. Karanga za watoto hazikuwa na karani.

Mwanahistoria Osumaka Likaka, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu pamba na jamii za vijijini za Kongo, alibainisha kwamba wakulima wengi waliobanwa na pamba waliuelekea muhogo, kwa sababu unavumilia kuachwa na hauhitaji kazi nyingi. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa mtu aliyenyimwa muda. Lakini ulikuwa na gharama yake. Unga wa muhogo unashibisha, ila una protini kidogo mno, takriban gramu 1 hadi 2 katika gramu 100, ambapo karanga zina gramu 25 hivi. Sombe, yaani majani ya muhogo huo huo, husaidia kuziba pengo. Lakini sombe ni kitoweo cha mlo mkuu, na mlo mkuu huwa mmoja au miwili kwa siku.

Mpunga nao, ulioletwa na Waungwana, ulikuwa zao la kuuzwa na hata la kulazimishwa. Wakaguzi waliandika hekta na tani. Katika hesabu zao muhogo, mpunga na pamba vilikuwa na safu. Muwa uliopandwa nyuma ya jiko haukuwa nayo. Kwa hiyo ripoti zilipoonyesha ongezeko la mazao, hazikuweza kuonyesha kilichopungua kinywani mwa mtoto saa nne asubuhi.

5. Mtoto wa Kasongo katika vitabu vya utabibu

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire, Kasongo ilipata umaarufu usiotarajiwa katika elimu ya afya. Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, ilishirikiana na madaktari na wauguzi wa huko kujenga mfumo wa afya ya msingi uliojulikana kuwa Mradi wa Kasongo. Watoto walipimwa uzito na urefu, wakachanjwa, wakafuatiliwa. Mwaka 1981 timu ya mradi ilichapisha katika jarida la Lancet matokeo kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Mwaka 1986 ilichapisha utafiti juu ya kupungua kwa kasi ya ukuaji wa watoto wa chini ya miaka mitano.

Fundisho moja la mradi huo linatupasa tulishike kwa makini. Timu ilionyesha kwamba vipimo vya mwili peke yake havikutabiri vizuri ni mtoto gani angekufa. Njaa na maradhi hushikana mikono: mtoto mwenye surua au kuhara hukataa chakula, na mtoto mwenye lishe duni hushindwa na maradhi. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba karanga chache zingewaokoa wote. Lakini ni sahihi kusema kwamba mtoto anayepona maradhi anahitaji kula mara nyingi kidogo kidogo ili arudishe alichopoteza, na kwamba hapo ndipo vyakula vya kati ya milo vinapofanya kazi isiyoweza kufanywa na sahani moja ya jioni.

Sababu yake ni rahisi. Tumbo la mtoto ni dogo. Hata akipewa bukari kwa wingi, hujaa kabla hajapata nguvu zinazomtosha. Ndiyo maana mwongozo uliotolewa mwaka 2003 na ofisi ya Shirika la Afya Duniani kwa nchi za Amerika ulishauri mtoto anyonyeshwaye wa miezi 9 hadi 24 apewe milo 3 hadi 4 kwa siku, na kuongezewa chakula chepesi chenye lishe mara 1 au 2. Katika mashariki ya Kongo ugonjwa wa utapiamlo wenye kuvimba mwili huitwa bwaki. Kila mama analijua neno hilo. Jambo la kusikitisha ni kwamba tuna neno moja, fupi na la kutisha, kwa ugonjwa, lakini hatuna neno moja kwa kile kinachosaidia kuuzuia.

6. Vita, machimbo na biskuti

Vita vya 1996 hadi 1997, na hasa vile vya 1998 hadi 2003, viliwapeleka watu wengi wa Kasongo na Kabambare msituni. Aliyekimbia hakuweza kuchukua shamba lake. Kuku na mbuzi waliporwa. Mbegu za karanga zililiwa au kuachwa zikaoza. Tofauti na muhogo, unaoota kwa kipande cha mti kilichokatwa popote, karanga hazirudi bila mbegu iliyohifadhiwa. Huko msituni watu walirudia ujuzi wa zamani: viwavi, uyoga, kumbikumbi, ngazi zilizochemshwa, matunda ya porini. Vyakula vilivyodharauliwa mjini vikawa ndivyo vilivyovusha watoto.

Baada ya hapo likaja badiliko lingine. Baiskeli na pikipiki ziliendelea kuleta bidhaa pale malori yaliposhindwa na barabara, na dhahabu ya Namoya na Salamabila, katika Kabambare, iliwavuta vijana wengi machimboni. Mchimbaji halimi, hununua. Kinachonunuliwa kwa urahisi ni maandazi, biskuti, bombo na maji ya sukari yenye rangi. Vitu hivi havikosi nguvu, bali vina sukari nyingi na kidogo sana cha vingine, tena huua hamu ya kula. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unashauri watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe vinywaji vya sukari kabisa.

Hapa panatokea kinyume cha ajabu. Biskuti ya dukani ina karatasi, rangi na bei. Kwa hiyo mzazi huiona kuwa zawadi. Papai lililoanguka nyuma ya nyumba halina bei. Kwa hiyo halionekani kuwa kitu. Chakula kile kile ambacho lugha yetu haikukihesabu kuwa mlo, sasa soko nalo linakikana.

7. Tufanye nini na urithi huu?

Historia hii inatuonyesha kwamba chakula chepesi kilicho bora si jambo la kuagiza kutoka ng'ambo. Karanga huleta protini na mafuta. Papai, embe bivu na mawese mekundu ni vyanzo vya vitamini A, na mafuta huusaidia mwili kuipokea. Viazi vitamu, ndizi na mahindi ya kuchoma huleta nguvu. Mahindi pamoja na karanga, au ndizi pamoja na karanga zilizopondwa, ni mchanganyiko unaoweza kupatikana katika vijiji vingi bila kununua kitu cha dukani.

Yapo ya kutahadhari. Karanga zenye kuvu zitupwe, kwa kuwa kuvu huzalisha sumu inayodhuru ini. Mtoto mdogo asipewe punje nzima, asije akapaliwa, zipondwe kwanza. Muhogo mchungu usitafunwe mbichi kamwe, bali ulowekwe siku kadhaa hadi ulainike, kisha uanikwe na kupikwa, kwani sumu yake hutoka kwa kulowekwa na kukaushwa. Wazee wetu waliyajua haya ya muhogo. Haraka ya nyakati za vita na machimbo ndiyo inayoyasahaulisha.

Kwa wanafunzi wa lugha, kazi ipo tele. Waandae orodha za majina ya vyakula hivi katika Kibangubangu, Kikusu, Kisongye, Kizimba na Kiswahili cha mahali, pamoja na vitenzi vinavyoandamana navyo: kutafuna, kumumunya, kufyonza, kubwia. Kila kitenzi kinaeleza namna, umri na wakati wa kula. Kwa wale wanaofanya utafiti wa afya, tunapendekeza jambo moja dogo. Ukimwuliza mama, "Mtoto amekula mara ngapi tangu jana?", atakuhesabia bukari tu, na dodoso lako litakuwa na kosa ambalo hesabu haiwezi kulisahihisha. Mwulize vilevile, "Ametafuna nini? Amenyonya nini? Nani amempa nini njiani?" Hapo ndipo utakapozipata karanga, na utazipata bombo pia.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba vyakula vya kati ya milo katika Kasongo na Kabambare vina historia yake: soko la Nyangwe, bustani za Waungwana, pamba ya lazima, vita, na duka la machimboni. Katika kila kipindi walioandika habari walihesabu kilichokuwa na thamani kwao, iwe pembe, pamba au dhahabu. Kilichotafunwa na watoto kilipita bila kuandikwa, nacho kilipopungua hapana aliyegutuka.

Methali inasema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba ni kipimo cha nafaka, na waliotunga methali hiyo walijua kwamba kidogo kinachorudiwa hufikia kingi. Lugha inayoyajua hayo katika methali haitashindwa kuyajua katika mazungumzo ya jikoni. Tukichagua neno, liwe asusa, liwe kumbwe, au liwe jingine litakalotoka Maniema yenyewe, na tukalitumia shuleni, kanisani, msikitini na katika vituo vya afya, tutakuwa tumekipa chakula hicho safu yake katika daftari.